Kabla Hatujasema Zimekufa



Wapendwa wanaparokia, na ninyi nyote mnaoifuata tafakari hii kila juma,

Jumanne iliyopita, katika kikao cha Baraza la Parokia, iliwekwa mezani orodha yenye majina ya familia 41. Ni familia ambazo, kwa mujibu wa daftari la ofisi, bahasha zao za sadaka hazijaonekana kwa muda mrefu; nyingine tangu Machi 2020, ibada za hadhara ziliposimamishwa kwa sababu ya korona. Pendekezo lilikuwa fupi. Majina hayo yafutwe kabla ya Pasaka, na yeyote kati yao atakayekuja baadaye kuomba barua ya kuwa msimamizi wa ubatizo, au hati kwa ajili ya ndoa, aanze upya kama mgeni.

Walioleta pendekezo hilo si watu wabaya. Ni wale wale wanaofungua kanisa alfajiri ya baridi, wanaokoleza chumvi kwenye ngazi ili wazee wasiteleze, wanaohesabu sadaka wakati wengine tumekwisha kwenda kunywa chai. Wamechoka kubeba mzigo wa watu wasioonekana. Tuliwaomba watupe juma moja la kusali na kufikiri. Tafakari hii ndiyo jibu letu, na tunalitoa mbele ya wote kwa sababu jambo lenyewe ni la wote.

Jibu letu ni hapana. Angalau si sasa, na si kwa njia hiyo. Sababu zake zimo katika Injili na katika sheria ya Kanisa, lakini tukiri kwamba hatukuzielewa vizuri mpaka tulipofundishwa na mfanyakazi wa uwanja wa gofu.

Tunajua baadhi yenu mnacheka. Padre na gofu wapi na wapi? Hatuchezi mchezo huo, wala hatutarajii kuucheza. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Viktoria, ambako nyasi huchipuka hata pale usipozitaka, hatukuwahi kudhani kwamba mtu mzima anaweza kuajiriwa ili awe na wasiwasi juu ya nyasi kuanzia Novemba hadi Mei. Lakini yuko mwanaparokia wetu mmoja, mzee mzaliwa wa Bukavu, ambaye kazi yake hapa Minnesota ni hiyo. Mwaka 2023, katika juma la tatu la Kwaresima, alitualika kubariki nyumba yake, na njiani akatupitisha karakana ya uwanja anakofanya kazi.

Wengi wenu mnayakumbuka majira yale ya baridi. Theluji iliyopimwa Minneapolis na St. Paul kuanzia mwaka 2022 hadi 2023 ilifikia inchi 90.3, yaani takriban sentimita 229, kiasi cha tatu kwa wingi katika kumbukumbu za eneo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili, siku moja tu kabla ya Dominika ya Matawi, ilianguka tena theluji nzito. Basi siku ile tulipofika karakana, uwanja wote ulikuwa bado umefunikwa, na hapakuwa na dalili yoyote ya uhai.

Ndani ya karakana, kwenye dirisha linalopokea jua, tuliona vipande vya duara vya nyasi na udongo vimepangwa kwenye sinia, kila kimoja na namba yake, kuanzia 1 hadi 18. Tuliuliza ni nini. Mzee wetu alitueleza kwamba kabla theluji haijaisha huenda kwenye kila grini, yaani lile eneo laini linalozunguka shimo, ambako nyasi hukatwa hadi kimo cha milimita tatu hivi. Huondoa theluji, hupasua ardhi iliyoganda, na kwa kifaa kile kile kinachochimba shimo la gofu, lenye kipenyo cha milimita 108, hutoa kipande kimoja. Kipande hicho huletwa ndani, hupewa joto, mwanga na maji kidogo, kisha watu husubiri. Vipande vyote kumi na vinane vilikuwa na rangi ya majani makavu. Kwa macho yetu, vyote vilikuwa vimekufa.

Tulimwambia hivyo. Yeye, kwa upole wa mtu mzima anayemsahihisha padre wake, alisema: “Padri, rangi haikuambii kitu. Ngoja wiki mbili.”

Kisha alitueleza adui za nyasi, ambazo yeye, kama ndugu zetu wengi wa Kivu, huziita majani. Tulidhani adui mkubwa ni theluji. Kumbe sivyo. Theluji laini ni blanketi. Chini yake mche hulala bila kupigwa na hewa kali. Hatari yake ni kuvu inayoota gizani theluji inapokaa muda mrefu, na dawa ya kuvu hiyo hutiwa kabla theluji haijaanguka. Anayesahau wakati wa vuli hawezi kuponya Januari.

Adui wa pili ni upepo. Grini iliyo juu ya kilima, isiyo na theluji ya kuifunika, hukaushwa na upepo wakati ardhi imeganda na mizizi haiwezi kunywa. Kwa hiyo wengine humwaga mchanga mzito juu yake au huitandikia turubai.

Adui wa tatu ni barafu. Mvua ikinyesha katikati ya baridi, au theluji ikiyeyuka na kuganda tena, hutokea tabaka ngumu kama kioo. Chini ya kioo hicho mche bado unapumua polepole, lakini hewa chafu haina pa kutokea, na baada ya muda mche hujisonga wenyewe. Aina moja ya nyasi, ambayo wataalamu huiita kwa Kilatini Poa annua, huanza kufa baada ya miezi miwili hivi ya kufungwa namna hiyo. Aina nyingine, Agrostis stolonifera, huweza kuvumilia karibu mara mbili ya muda huo. Katika uwanja mmoja, chini ya barafu moja, moja hufa na nyingine huishi, na huwezi kujua kwa kuangalia kutoka juu. Wafanyakazi wakiona siku zinazidi, huivunja barafu kwa mashine, au humwaga mchanga mweusi ili uvute joto la jua na kuitoboa.

Lakini adui wa nne ndiye aliyetufanya tusimame kimya pale dirishani. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na tulidhani hizo ndizo siku zinazoua nyasi. Mzee alisema kwamba mche uliolala una ulinzi wake. Umepunguza maji mwilini mwake na kujifunga. Hatari kubwa ni mwishoni mwa baridi, linapotokea joto la siku mbili tatu. Mche huamini kwamba majira yamegeuka. Hufungua moyo wake, pale shina linapokutana na mizizi, na kunywa maji ya theluji inayoyeyuka. Usiku ule ule baridi kali ikirudi, maji yaliyoingia huganda na kuupasua kutoka ndani. Mche uliovumilia Januari yote unaweza kuuawa na usiku mmoja wa Machi, kwa sababu tu ulikuwa umeanza kufunguka.

Wapendwa, tuliendesha gari kurudi nyumbani tukifikiri juu ya Pasaka.

Ni nani asiyemjua mwamini aliyeishi mbali na Kanisa kwa miaka mingi, akavumilia upweke, talaka, msiba, aibu ya kukosa kazi, bila kuzimika kabisa? Kisha Krismasi moja, au Jumatano ya Majivu, moyo wake unayeyuka kidogo. Anavaa koti lake, anakuja, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Na pale mlangoni anakutana na neno moja la baridi: “Leo umekumbuka?” Au: “Wewe jina lako bado liko kweli?” Msemaji anadhani ametania. Hajui kwamba aliyesimama mbele yake amekwisha kunywa maji, amekwisha kujifungua. Miaka kumi ya mbali haikumwua. Sentensi moja ya mlangoni inaweza kumwua. Pendekezo la kufuta majina, na hasa sehemu ile ya kumpokea anayerudi kama mgeni, ni kuuandaa usiku huo wa baridi kwa maandishi na kuupiga muhuri wa parokia.

Tuseme sasa juu ya sheria, maana wengine watadhani padre amelainika. Kanuni ya 518 ya Sheria za Kanisa inaeleza kwamba parokia, kwa kawaida, ni ya eneo, na hujumuisha waamini wote wa eneo hilo. Wote, si wenye bahasha tu. Daftari la ofisi ni chombo cha kutusaidia kazi. Si kitabu cha uzima. Kanuni ya 529 inamdai paroko ajitahidi kuwafahamu waamini aliokabidhiwa, na kwa hiyo azitembelee familia zao. Tunakiri mbele yenu: kati ya familia 41 zilizo katika orodha ile, sisi wenyewe tumezitembelea chache mno. Kabla hatujawauliza kwa nini hawakuja, wana haki ya kutuuliza kwa nini hatukwenda. Na alama ya ubatizo, Mama Kanisa amefundisha daima, haifutiki. Kama Mungu hafuti, kalamu ya ofisi ifute kwa mamlaka gani?

Tumekumbuka pia Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo wengi wetu tuliisoma seminarini. Sura ya 29 inazungumzia mtawa aliyeondoka monasterini kwa kosa lake mwenyewe, kisha akataka kurudi. Benedikto hakuwa mtu wa mzaha; anataka mtu huyo aahidi kujirekebisha, na anampa nafasi ya mwisho katika safu. Lakini anampokea, na akiondoka tena anaweza kupokewa tena, hadi mara ya tatu. Ikiwa nyumba ya nadhiri ilikuwa na mlango wa namna hiyo, parokia ya watu wa kawaida wenye watoto na zamu za usiku iwe na mlango mwembamba kuliko huo?

Hata hivyo tuwatendee haki walioleta pendekezo, maana wana hoja. Wanasema kwamba kujidanganya si upendo. Kwamba parokia inayojihesabia familia zisizokuwepo hupanga makatekista, madarasa na bajeti kwa ajili ya vivuli. Wanasema pia kwamba wapo wanaolitafuta Kanisa kwa ajili ya karatasi tu. Ni kweli. Na hapa uwanja wa gofu una somo la pili, ambalo haliwapendelei wale wanaopenda kungoja bila kufanya kitu.

Tulirudi kule katika juma la Pasaka, mwaka ule ule wa 2023. Hali ya hewa ilikuwa imegeuka kwa ghafla. Siku chache baada ya theluji ya Aprili, joto lilipita nyuzi 25. Vipande vingi dirishani vilikuwa vimechipua. Lakini namba 7 kilikuwa vile vile, kahawia na kimya. Grini ya 7 iko upande wa kaskazini wa miti mirefu, mahali ambapo jua hufika kwa kuchelewa na barafu hukaa sana. Je, walitangaza kwamba imekufa? La. Walikipa kipande kile muda zaidi, kisha walikwenda kuchukua vingine kutoka pembe nyingine za grini ile ile, kwa sababu kipande kimoja hakiwezi kuihukumu grini nzima. Vingine vilichipua, vingine havikuchipua. Ndipo walipojua kwa hakika: upande wa chini, ulikokusanyika maji, umekufa, upande wa juu u hai.

Na walipojua, hawakujifanya hawajui. Sehemu iliyokufa walikwangua, walitoboa ardhi, walipanda mbegu mpya, walitandaza mchanga mwembamba, wakafunika kwa turubai ili udongo upate joto, kwa maana mbegu haioti katika udongo wa baridi hata ukiimwagilia kwa machozi. Walizungushia kamba. Wachezaji walitengenezewa grini ya muda kando yake, mbaya na yenye mabonde, na walinung’unika kwa majuma. Simu zilipigwa ofisini kila siku: mtafungua lini? Msimamizi alijibu kila mmoja kwa heshima, na hakufungua.

Tuliona pia kazi zisizoonekana na mchezaji. Mabomba ya maji, yaliyopulizwa hewa wakati wa vuli ili yasipasuke, yalikuwa yanajazwa polepole, kwa sababu maji yakiingia kwa nguvu mabomba hupasuka. Matawi yaliyovunjwa na theluji yalikuwa yanakusanywa. Mashimo ya mchanga yaliyobomolewa na maji yalikuwa yanajengwa upya kwa koleo. Na asubuhi moja ya jalidi mzee alituonyesha safu ya nyayo kwenye grini ya 3, za rangi ya kahawia, wazi kama zimechorwa. Mtu mmoja, siku chache kabla, alikatiza pale alfajiri nyasi zikiwa na jalidi. Hakuwa na nia mbaya; alikuwa na haraka tu. Jani lenye jalidi likikanyagwa huvunjika ndani, na uzito wa hatua moja huonekana kwa majuma. Ndiyo maana viwanja vyote vya nchi za baridi humchelewesha mchezaji asubuhi mpaka jua liyeyushe jalidi, hata akiwa amelipa, hata akiwa tajiri.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya kungoja na kulala. Mtunza mizabibu wa Injili ya Luka, sura ya 13, hakumwomba bwana wake amwachie mtini mwaka mmoja zaidi ili akakae kivulini. Aliomba mwaka wa kazi: kuupalilia kwa kuuzungukia na kuutilia mbolea. Alikubali hata kwamba mwisho wa mwaka kutakuwa na hesabu. Rehema yake ilikuwa na jembe mkononi. Kwa hiyo, ndugu wa Baraza, mkituambia kwamba hatuwezi kuendelea na orodha ya vivuli, tunakubaliana nanyi. Tunachokataa ni kutangaza kifo kwa kuangalia rangi.

Na sasa, wapendwa, tuwaambie jambo lililotutia aibu. Tulipoisoma ile orodha ya familia 41 kwa utulivu, usiku baada ya kikao, tulikuta katika mstari wa ishirini na kitu jina la mzee wetu wa Bukavu. Yeye mwenyewe. Sisi tuliokula mezani pake na kubariki nyumba yake, hatukuwa tumetambua kwamba amekuwa haonekani.

Tulimpigia simu. Hakukasirika. Alieleza kwamba kuanzia Aprili hadi Novemba Jumapili ndiyo siku yenye wachezaji wengi, na kikosi chake huanza kazi saa kumi na moja alfajiri: kukata nyasi, kuhamisha mashimo, kusawazisha mchanga. Humaliza saa tano. Misa yetu ya Kiswahili huanza saa tatu asubuhi. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni, yeye na mkewe huenda Misa katika parokia jirani, kwa Kiingereza ambacho mkewe bado anakisikia kwa shida, na sadaka yao huitoa huko. Kanuni ya 1248 inasema wazi kwamba anayeshiriki Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu wa Dominika. Mtu huyu hajakosa Dominika hata moja. Daftari letu lilimhesabu miongoni mwa wafu.

Tukajiuliza: ni wangapi wengine? Katika orodha ile tunawajua wauguzi wa nyumba za wazee, madereva wa malori, wasafisha ofisi, watu wa zamu za viwandani. Si wote ni watakatifu. Wengine, tunajua, wamechagua kulala. Lakini hatuwezi kumjua nani ni nani kutoka ofisini, kama vile mzee hawezi kuijua grini ya 7 akiwa kitandani kwake.

Hapa tuongeze neno juu ya Dominika yenyewe, maana jambo hili lina pande mbili. Mchezo wa gofu una mzee wake mashuhuri, Tom Morris wa St Andrews, Scotland, aliyezaliwa mwaka 1821 na kufariki mwaka 1908, ambaye alikuwa mtunza uwanja wa huko hadi mwaka 1903. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mpresibiteri. Anakumbukwa kwa kueneza desturi ya kumwaga mchanga juu ya nyasi, na anakumbukwa pia kwa kushikilia kwamba uwanja usichezewe Jumapili, kwa kuwa hata ardhi inahitaji pumziko. Mpaka leo Old Course ya St Andrews kwa kawaida hufungwa siku hiyo, na wenyeji hutembea juu yake na familia zao. Ni uwanja maarufu kuliko yote duniani, na haujafilisika. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, kiliitaka nchi ipewe sabato yake. Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika juu ya siku ya Bwana katika Dies Domini, mwaka 1998, na Papa Fransisko katika Laudato si’, mwaka 2015, aliunganisha pumziko la Dominika na haki ya maskini na ya viumbe. Basi ninyi wanaparokia mnaocheza gofu, na tunawajua kuwa mpo, hatuwazuii. Tunawaomba jambo moja: mnapoona nyasi zimekatwa vizuri saa moja asubuhi ya Jumapili, jueni kwamba kuna mtu ameacha Misa ya lugha yake ili ninyi mcheze. Mkiwa na sauti katika klabu zenu, itumieni ili wafanyakazi wapewe Dominika kwa zamu. Hilo nalo ni kuandaa uwanja.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayoamua, na tunayaandika ili mtudai.

Kwanza, orodha haifutwi. Itagawanywa kwa jumuiya ndogo ndogo na kwetu sisi wenyewe, na kila familia itatembelewa mara moja au zaidi kati ya sasa na Pentekoste. Si kwa simu wala kwa ujumbe wa kuandika. Tutakwenda wawili wawili, tutagonga mlango, tutauliza habari, tutasali nao wakipenda. Hatutauliza habari za bahasha. Tutaanza sisi wenyewe, juma hili, na familia zinazokaa mbali zaidi.

Pili, atakayerudi asikanyagwe. Tunawaomba wapokeaji wa mlangoni, na wazee wetu wenye utani, wajizuie na maswali. Hakuna kumwuliza alikuwa wapi. Hakuna kumpa kamati Dominika ya kwanza. Apewe kitabu cha nyimbo na nafasi ya kukaa. Maji yaingie katika mabomba polepole. Nasi tutakaa kitubioni kila Ijumaa ya Kwaresima baada ya Njia ya Msalaba, hadi wa mwisho atakapoondoka.

Tatu, kuanzia mwezi Mei hadi mwisho wa Oktoba, kutakuwa na Misa ya mkesha wa Dominika kwa Kiswahili hapa hapa kanisani, Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Mzee wetu ameombwa kusoma somo la kwanza siku ya kufungua. Amekubali, kwa sharti kwamba mvua isinyeshe siku ya kupanda mbegu.

Nne, baada ya Pentekoste tutakaa tena na Baraza, na tutaangalia kwa macho makavu. Waliohama wataandikwa kuwa wamehama. Wanaosema wenyewe kwamba hawataki tena, tutawaheshimu, tutaendelea kuwaombea, na hatutawahesabu katika bajeti. Mahali pasipo na uhai tutakwangua na kupanda upya. Yaani, badala ya kulilia kundi la vijana lililokufa tutaanzisha lingine, kwa mbegu nyingine. Hiyo ndiyo haki ya walioleta pendekezo, na tutaitimiza.

Tunajua kazi hii ni kubwa na sisi ni wachache. Kule uwanjani pia walikuwa wachache, na mashimo yalikuwa 18. Hawakuyafanya yote kwa siku moja. Upande wa chini wa grini ya 7 ulifunguliwa katikati ya Juni, miezi miwili baada ya nyingine, na mzee anasema mwaka ule ulikuwa mzuri kuliko zote, ingawa katika hilo tunamshuku kidogo kwa upendeleo.

Asubuhi ya Pasaka, Maria Magdalena alipomwona Bwana aliyefufuka, alidhani ni mtunza bustani. Tumezoea kuhubiri kwamba alikosea. Siku hizi hatuna uhakika sana.

Tuombeane. Aliye na jirani katika orodha ile, asisubiri zamu ya jumuiya yake. Aende leo, jalidi ikishayeyuka.

Wenu katika Kristo,

Paroko